Sera ya Mambo ya Nje Huanza na Swali la Sisi ni Nani

Tarehe 19 Mei 2025, katika Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Julius Nyerere jijini Dar es Salaam, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Sera ya Mambo ya Nje ya Mwaka 2001, Toleo la 2024. Toleo hilo linaendeleza diplomasia ya uchumi na kuongeza mambo ambayo mwaka 2001 hayakuwa na uzito yalio nao leo, yakiwemo uchumi wa buluu, Watanzania waishio ughaibuni, mabadiliko ya tabianchi na kukitangaza Kiswahili duniani. Katika mijadala iliyofuata, tafsiri iliyotawala ilikuwa kwamba Tanzania imehitimisha safari iliyoanza miaka ya tisini: imeachana na siasa za ukombozi na sasa inaongozwa na hesabu za maslahi. Waliofurahi walisema tumekomaa, na waliohuzunika walisema tumemsaliti Mwalimu Nyerere. Pande zote mbili zinakubaliana, bila kujua, juu ya jambo ambalo naamini ndilo kosa lenyewe, yaani kwamba zamani tulikuwa na utambulisho na leo tuna maslahi. Hoja yangu ni kwamba hakuna nchi inayoyajua maslahi yake kabla ya kujieleza kwanza kuwa yenyewe ni nani, nani ni wake na nani si wake. Sera ya leo imejaa utambulisho sawa na ile ya mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, na kwa kuwa hatuutazami, utambulisho huo unafanya kazi bila msimamizi.

Ushahidi ulikuwa ukumbini humohumo. Siku moja kabla ya uzinduzi, Martha Karua, aliyewahi kuwa Waziri wa Sheria wa Kenya, alizuiwa kuingia nchini alipokuwa akija kufuatilia kesi ya uhaini iliyomkabili kiongozi wa upinzani, Tundu Lissu. Rais, katika hafla ileile ya kuzindua sera, aliwaonya wanaharakati wa ukanda huu wasije kuingilia mambo ya Tanzania. Habari za siku iliyofuata ziliigawa hotuba hiyo vipande viwili. Sera ilipelekwa kwenye habari za uchumi na diplomasia, na onyo likapelekwa kwenye siasa za ndani, kana kwamba Rais aliacha mada kwa dakika chache kisha akairudia. Mgawanyo huo ndio uliowapotosha wasomaji. Sehemu ya onyo ilikuwa sera ya mambo ya nje kuliko sehemu nyingine yoyote ya hotuba, kwa sababu ndiyo iliyochora mpaka kati ya wenyeji na wageni na kuwaweka Waafrika Mashariki fulani ng'ambo ya mpaka huo, ilhali mtangamano wa Afrika Mashariki ni nguzo ya sera iliyokuwa ikizinduliwa. Mtu anayesoma hati peke yake atadhani Mkenya ni mshirika. Anayesikiliza hotuba peke yake atadhani ni mvamizi. Swali la maana ni namna mambo hayo mawili yalivyoweza kusemwa mahali pamoja, siku moja, bila yeyote ukumbini kuona yanagongana.

Hilo ndilo eneo la utafiti wangu wa shahada ya uzamivu, na swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi ni kwa nini nisichunguze kitu kinachoshikika, kama gesi, bandari au bajeti. Jibu linahitaji kueleza kidogo kazi yenyewe. Uchanganuzi wa diskosi, yaani wa usemi wa hadharani na makundi unayoyaunda, katika sera ya mambo ya nje hauulizi kama kiongozi anaamini anachokisema. Ya moyoni tumwachie Mungu. Unauliza ni mambo gani yanaweza kusemwa hadharani na kueleweka, ni makundi gani ya watu yanaundwa na usemi huo, na ni hatua gani zinaonekana za busara au za upuuzi kutokana na makundi hayo. Mtafiti hukaa na hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, hotuba za Umoja wa Mataifa, tahariri na matamko ya wizara, akifuatilia nani anaitwa ndugu, nani jirani, nani mshirika wa maendeleo, nani mwekezaji na nani mgeni, na namna majina hayo yanavyohama mwaka hadi mwaka. David Campbell, aliyeichambua Marekani, alionyesha kwamba dola haiingii duniani ikiwa imeshakamilika kisha ikaanza kushughulika na mataifa mengine; kutaja hatari iliyoko nje ni mojawapo ya njia zinazoifanya iwe dola ya namna fulani. Lene Hansen wa Chuo Kikuu cha Copenhagen alikwenda mbali zaidi aliposema kwamba utambulisho na sera havipangwi kama sababu na matokeo, kwa maana kila kimoja kinakijenga kingine. Nadharia hizo zimetoka mbali, lakini sidhani kuna nchi nyingi zinazozipa mtihani mgumu na wenye manufaa kama Tanzania.

Tuanze Cairo, Julai 1964. Wakuu wa nchi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, walipitisha azimio la kuheshimu mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru, na aliyeiwasilisha hoja hiyo alikuwa Julius Nyerere. Somalia na Morocco zilipinga. Miaka minne haijatimia, tarehe 13 Aprili 1968, Tanzania ikawa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, jimbo lililojitenga na Nigeria, yaani hatua inayopingana waziwazi na azimio la Cairo. Mwaka 1978 Tanzania iliitambua Jamhuri ya Kiarabu ya Sahara, yaani Sahara Magharibi, dhidi ya madai ya Morocco, safari hii mantiki ya mipaka ya kikoloni ikiwa upande wake. Kisha mwezi Aprili 1979 majeshi ya Tanzania yaliingia Kampala, miezi michache baada ya Idi Amin kuivamia Kagera, na katika mkutano wa OAU uliofanyika Monrovia mwaka huohuo Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliishutumu Tanzania kwa kuvuka mpaka wa nchi nyingine.

Anayepima kwa kanuni peke yake ataona kigeugeu, na anayepima kwa maslahi peke yake atapata shida kubwa zaidi, kwa sababu Biafra haikuwa na kitu cha kuipa Tanzania, huku Nigeria ikiwa na uwezo wa kuikasirikia. Usemi wa Nyerere ndio unaofungua fundo. Katika kuitetea Biafra alisema umoja wa nchi hauna maana pasipo ridhaa ya watu wake, na kwamba dola iliyoshindwa kuwalinda raia wake imepoteza haki ya kudai utii wao. Akafika hadi kuwalinganisha Waigbo wa Biafra na Wayahudi waliotafuta mahali pa kuwa salama baada ya mauaji ya Ulaya. Kuhusu Uganda alishikilia kwamba zilikuwapo vita mbili, moja ya Tanzania ya kumwadhibu mvamizi na nyingine ya Waganda wenyewe ya kumng'oa dikteta. Unaweza kukataa hoja hizo, na wengi walizikataa. Hata hivyo, zote zinatoka katika kisima kimoja: Tanzania iliyojieleza kama nchi ambayo uhuru wake haujakamilika mpaka Mwafrika aheshimiwe kama binadamu, iwe anakandamizwa na Mreno au na Mwafrika mwenzake. Mpaka ulikuwa chombo cha kulinda lengo hilo. Pale mpaka ulipogeuka kuwa ngao ya muuaji, usemi huo uliruhusu uvukwe. Nchi nyingine ya Kiafrika yenye jeshi lilelile na umaskini uleule, lakini yenye simulizi nyingine juu yake yenyewe, ingeweza kuirudisha Kagera mikononi mwake na kuishia mtoni.

Gharama za utambulisho huo zililipwa kwa fedha taslimu. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu Tanzania iliruhusu Ujerumani Mashariki kuwa na konseli kuu Dar es Salaam, na Nyerere akajibu kwa kuukataa na msaada uliobaki. Desemba ya mwaka huohuo Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, ambako Uingereza ilishindwa kuwazuia walowezi Wazungu kujitangazia uhuru, na kuupoteza mkopo wa pauni milioni 7.5. OAU ilikuwa imewataka wanachama wake wote wachukue hatua hiyo. Walioitekeleza ni wachache, na Kenya haikuwamo. Makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU yalikuwa Dar es Salaam kuanzia mwaka 1963 hadi 1994, yakiongozwa tangu 1972 na Hashim Mbita, na hata Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, ambacho leo kina jina la Dk. Salim Ahmed Salim, kilizaliwa mwaka 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji iliyokuwa imetoka vitani muda mfupi tu. Maofisa wanaoijadili diplomasia ya uchumi leo wengi wao wamepita katika madarasa yaliyojengwa na siasa ambazo tunaambiwa zimekwisha.

Je, zilikwisha kweli? Sera ya mwaka 2001, iliyoandaliwa wakati wa Rais Mkapa na Jakaya Kikwete akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, iliweka uchumi mbele, na sina sababu ya kulibeza hilo. Vita baridi vilikuwa vimekwisha, Afrika Kusini ilikuwa huru, na deni la taifa lilikuwa mzigo wa kweli. Lakini tazama uamuzi mmoja wa wakati huohuo. Mwaka 2000 Tanzania ilijitoa COMESA, Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, na kubaki SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kiuchumi, za ushuru na ulinzi wa viwanda, na hazikuwa za uongo. Hata hivyo hesabu za biashara hazikutosha kueleza kwa nini, baina ya jumuiya mbili, ile iliyochaguliwa ilikuwa ile iliyozaliwa na Nchi za Mstari wa Mbele, zilizoungana kupinga tawala za Wazungu wachache kusini mwa Afrika, ambayo wakuu wake walikuwa wamezoea kuitana ndugu wa mapambano. Diplomasia ya uchumi nayo ina watu wake. Inamzungumzia Mtanzania kama mwenyeji wa rasilimali na mgeni kama mtu anayekuja ama kuzitumia kwa makubaliano ama kuzipora. Usemi huo ulikuwa laini wakati wa Mkapa na Kikwete, ukawa mkali wakati wa Magufuli. Oktoba 2017, ng'ombe wapatao 1,300 waliovuka kutoka Kenya walipigwa mnada na vifaranga 6,400 walioingizwa kupitia Namanga wakachomwa moto. Namanga ni mji mmoja uliokatwa na kizuizi cha barabara, na Mmaasai anayefuata majani hajawahi kuomba kibali cha mbuga. Aliyeamua kwamba ng'ombe wale ni wa kigeni alikuwa amejibu swali la utambulisho kwanza; swali la uchumi lilifuata.

Mfano unaonisaidia zaidi ni wa Ukraine, kwa sababu unaziweka Kenya na Tanzania kwenye mizani moja. Usiku wa tarehe 21 Februari 2022, Balozi Martin Kimani wa Kenya, iliyokuwa mjumbe asiye wa kudumu wa Baraza la Usalama, alitoa hotuba iliyosikika dunia nzima. Alikumbusha kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa London, Paris na Lisbon bila kuwajali watu waliotenganishwa, na kwamba Waafrika waliamua kuishi nayo kuliko kupigana milele wakitafuta mataifa ya damu moja. Tarehe 2 Machi Baraza Kuu lilipiga kura ya kuilaani Urusi: nchi 141 ziliunga mkono, 5 zikapinga, 35 zikajizuia. Kenya iliunga mkono. Tanzania, ambayo rais wake wa kwanza ndiye aliyeipeleka hoja ya mipaka Cairo, ilijizuia.

Nchi hizi mbili zilikuwa na urithi mmoja wa kikoloni na azimio moja la 1964, na zote zilinunua ngano kutoka Bahari Nyeusi. Kwa Kenya, mpaka ni jambo la uhai. Dola changa ya Kenyatta ilipigana na Washifta waliotaka kulipeleka eneo la Kaskazini Mashariki Somalia, na tangu hapo Kenya imejieleza kama nchi ambayo ingesambaratika kama ramani ingefunguliwa upya. Kwa Tanzania, kumbukumbu inayoamshwa na vita vya wakubwa ni ile ya 1965, ya nchi ndogo inayolazimishwa kuchagua kambi, na sifa inayoambatana nayo ni ya kukataa kuchagua. Ukraine ilipotokea, Nairobi iliona mpaka unaovunjwa na Dodoma ikaona kambi mbili zinazogombana. Wote walitazama tukio lilelile. Mtu anaweza kusema kwamba Kenya ilisukumwa na ukaribu wake na Marekani na Uingereza, na hoja hiyo ya nguvu na maslahi nitairudia. Lakini Washington haikumwandikia Kimani hotuba iliyosimama juu ya historia ya Wakenya wenyewe, na hotuba ile isingeweza kutolewa na mwakilishi wa Tanzania bila kuonekana ya kuazima.

Sasa tuzipime hoja za upande wa pili, maana zimo nzito na zimo nyepesi. Nyepesi kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi, kwamba maneno ni mapambo, kwamba viongozi huamua kwa sababu zao kisha huwaagiza waandishi wa hotuba wawavishie uamuzi nguo nzuri. Kama maneno yangekuwa mapambo, yangevuliwa bila gharama. Tazama uhusiano na Israel. Tanzania iliuvunja mwaka 1973, ikaurejesha katikati ya miaka ya tisini, na Mei 2018 Waziri Augustine Mahiga alikwenda kufungua ubalozi Tel Aviv. Maslahi yalikuwa wazi: utalii wa mahujaji, kilimo, teknolojia. Ikiwa usemi wa ukombozi ulikuwa pambo, ubalozi wa Palestina jijini Dar es Salaam ungekuwa umefungwa ili kumfurahisha rafiki mpya. Haukufungwa, na serikali imeendelea kusisitiza kwamba urafiki na mmoja si uadui kwa mwingine. Hali ni hiyohiyo kuhusu Sahara Magharibi: Mfalme Mohammed VI wa Morocco alikuja Oktoba 2016, mikataba kadhaa ikasainiwa, ahadi ya uwanja wa michezo Dodoma ikatolewa, lakini Tanzania haikutangaza kuifuta hatua ya 1978. Kauli zilizosemwa kwa miongo mitatu zimekuwa kama mihimili ya nyumba. Unaweza kuongeza vyumba pembeni, ila huwezi kuing'oa bila kueleza paa litashikwa na nini. Anayezipuuza hataelewa kwa nini wanadiplomasia wetu hutumia muda mwingi hivyo kutafuta maneno ya kufanya jambo jipya bila kulikana la zamani.

Hoja ya wanaoamini nguvu na maslahi ni nzito zaidi. Wanasema Nyerere hakuhitaji utambulisho wowote kuwapinga Wareno na Makaburu, kwa sababu nchi yenye jirani anayerusha mabomu kuvuka Mto Ruvuma ina sababu za kawaida za kiusalama za kutaka aondoke. Wanaongeza kwamba TAZARA, kilomita 1,860 za reli zilizojengwa kwa mkopo wa China usio na riba na kukabidhiwa mwaka 1976, ilikuwa biashara nzuri kwa Zambia na Tanzania kwa vyovyote vile. Nakubali nusu ya hoja hiyo. Usalama ulikuwepo. Lakini Malawi ya Kamuzu Banda ilikuwa jirani wa Msumbiji ileile, ikiwa imezungukwa nayo kusini, mashariki na kusini-magharibi, na Banda aliona usalama wake katika kuelewana na Wareno na kufungua ubalozi kwa Makaburu. Hatari ileile ilizaa maslahi mawili yanayopingana. Mtu wa maslahi atasema Malawi ilikuwa dhaifu zaidi na haikuwa na bandari, na hapo yuko sahihi, ila udhaifu peke yake hauelezi kwa nini Tanzania, nayo maskini, ilizihesabu pauni milioni 7.5 kuwa bei inayolipika. Maslahi hueleza uzito wa uamuzi. Mwelekeo wake hutoka kwingine.

Ipo hoja ya tatu, na hii ndiyo inayoninyima usingizi katika kazi yangu. Inasema kwamba tunaosoma hotuba tunasoma wakubwa. Mama anayevusha vitunguu Namanga au Tunduma, dereva wa lori aliyekwama Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, mvuvi wa Ziwa Tanganyika anayeuza samaki Burundi kabla hajauza Kigoma, wote wana mambo yao ya nje, na hayamo katika hansadi. Hilo ni kweli, na halitatuliwi kwa kuweka mahojiano machache mwishoni mwa tasnifu. Pia ni kweli kwamba mtafiti mvivu anaweza kueleza chochote baada ya kutokea: nchi ikipiga kura hii, utambulisho, ikipiga ile, utambulisho. Kinga pekee ninayoijua ni kusoma usemi wa kabla ya uamuzi, pamoja na ule ulioshindwa. Mwaka 1968 wapo Watanzania waliodhani kuitambua Biafra ni kosa, na hoja zao zinastahili kuchambuliwa kwa makini yaleyale, kwa sababu ndizo zinazoonyesha kwamba njia nyingine ilikuwa inafikirika.

Kwa nini haya yote yawe na maana kwa mtu asiye mtafiti? Turudi mwaka 2025. Mwezi Julai, miezi miwili baada ya uzinduzi wa sera, Wizara ya Viwanda na Biashara ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uwakala wa kutuma na kupokea fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni zisizo ndani ya hoteli, kuongoza watalii, uchimbaji mdogo wa madini na kununua mazao shambani. Chimbuko lake halina siri. Wafanyabiashara wa Kariakoo walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu kwamba wageni, hasa kutoka China, wameshuka kutoka kwenye uagizaji wa makontena hadi kwenye uchuuzi, na malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Mchuuzi anayenunua kwa mtu wa kati hawezi kushindana na mwenye kiwanda aliyefungua kibanda pembeni yake. Amri ililindwa kwa lugha ya uchumi, yaani ajira na mitaji ya wananchi. Kenya ikalalamika papo hapo.

Itazame amri hiyo kwa jicho la diskosi. Uti wake wa mgongo ni kundi moja, la asiye raia. Ndani ya kundi hilo wanaingia mwenye kiwanda kutoka Guangzhou na msusi kutoka Machakos aliyefungua saluni Arusha. Hakuna hesabu ya uchumi iliyowaunganisha hao wawili. Mitaji yao, bei zao na athari zao sokoni havikaribiani hata kidogo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, inawatenganisha kisheria, maana mmoja ana haki za ukaazi na biashara ambazo mwingine hana, hata kama haki hizo zina mipaka na vighairi vyake. Waliunganishwa na usemi, uleule uliosikika ukumbini mwezi Mei, ambao umezoea kugawa dunia mara mbili tu, sisi na wageni, na kumsahau mtu wa tatu ambaye sheria za Jumuiya zilimuumba, yaani jirani mwenye haki. Sidhani kwamba mwandishi wa amri alikusudia kuivunja Jumuiya. Nadhani aliandika kwa makundi aliyoyakuta mezani, na hilo linanitia wasiwasi zaidi kuliko nia mbaya, kwa sababu nia mbaya ya mtu mmoja huondoka naye siku akihamishwa.

Hapa kuna jambo ambalo fasihi kubwa ya Kiingereza juu ya Tanzania imelikosa. Dola yetu kwa muda mrefu imekuwa ikijieleza kwa lugha mbili. New York, Addis Ababa na hata makao ya Jumuiya pale Arusha, inazungumza Kiingereza cha mtangamano, uwekezaji na ushirikiano. Nyumbani inazungumza Kiswahili cha amani, umoja, kujitegemea na tahadhari dhidi ya wanaotutamani. Mabalozi wa Magharibi walisoma ya kwanza, wananchi walisikia ya pili, na mgawanyo huo uliipa serikali nafasi ya kupumua. Mtafiti aliyesoma hotuba za Kiingereza peke yake ameiona nusu ya dola, tena nusu iliyopambwa kwa ajili yake.

Kinachochekesha kidogo ni kwamba sera mpya yenyewe inauondoa ukuta huo. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya SADC tangu 2019, na tangu Februari 2022 ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika. Tunakipeleka kila mahali kama fahari yetu, na ni haki yetu kujivunia. Lakini lugha inayosambazwa kama chombo cha diplomasia haiwezi kubaki sebule ya faragha. Mei 2025 Wakenya hawakumsubiri mkalimani. Walisikia onyo kwa masikio yao na wakasikia waliyosemwa bungeni Dodoma, nao wakawajibu wabunge moja kwa moja kwenye simu zao. Ndani ya siku kumi mambo yalifika mahali ambapo Rais William Ruto, katika hafla ya maombi ya kitaifa ya tarehe 28 Mei, aliomba msamaha kwa Watanzania ikiwa Kenya imewakosea. Wapo waliolichukulia tukio hilo kama kelele za vijana mitandaoni. Mimi naliona kama mara ya kwanza ambapo usemi wa ndani wa Tanzania juu ya mgeni ulijadiliwa, kwa lugha yake wenyewe, na wale waliokuwa wakizungumziwa.

Matokeo yake kwa watunga sera ni ya vitendo. Wizara ya Mambo ya Nje, ambayo sasa ina jina refu lenye Ushirikiano wa Afrika Mashariki ndani yake, haiwezi kuendelea kudhani kwamba kazi ya kusema sisi ni nani ni ya Wizara ya Habari au ya majukwaa ya kampeni. Kila amri ya biashara, kila zuio la mazao na kila agizo la uhamiaji linabeba tamko la mambo ya nje ndani yake. Aprili 2025 Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, alipozuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini kwa kuwa nchi hizo zilikuwa zimezuia yetu, usemi uliotumika ulikuwa wa wenzetu waliokiuka utaratibu tuliokubaliana, na zuio liliondolewa baada ya siku chache kwa mazungumzo. Amri ya Julai ilitumia usemi wa mwenyeji na mgeni, na usemi huo hauna mlango wa mazungumzo, kwa sababu mgeni hana alichokubaliana nacho akakikiuka. Kosa lake ni kuwa mgeni. Anayetaka kujua mgogoro upi utaisha mapema na upi utadumu angeweza kuanza kwa kusoma namna ulivyosemwa siku ya kwanza.

Serikali ina njia mbili za haki mbele yake. Inaweza kusema kwamba Mkenya, Mganda na Mrundi ni wageni kama wengine, ikaenda Arusha kuijadili upya itifaki na kukubali kwamba Mtanzania aliyeko Nairobi au Kampala atatendewa hivyohivyo. Inaweza pia kusema kwamba wao ni watu wa nyumba ya jirani wenye haki zinazojulikana, ikaiandika hivyo katika kila amri, na ikawaeleza wafanyabiashara wa Kariakoo kwa nini zuio linamgusa mmoja na kumwacha mwingine. Kila njia ina wapigakura wake na hasara zake, na mimi naegemea ya pili. Kisichowezekana tena ni kutoa jibu la kwanza kwa Kiswahili jijini Dar es Salaam na la pili kwa Kiingereza jijini Arusha, ilhali Nairobi inazielewa lugha zote mbili.